Mama Akitimiza Miaka 50, Serikali Huacha Kumuuliza

Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilituma wadodosaji katika kila kaunti kufanya Utafiti wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya. Huu ndio uchunguzi ambao Wizara ya Afya, kaunti na wafadhili huutegemea wanapopanga wapi pa kupeleka dawa, wauguzi na pesa. Wanawake 32,156 walihojiwa. Waliulizwa habari za uzazi, za kupanga uzazi, za chakula, za magonjwa na hata za mateso wanayoyapata majumbani.

Wanawake hao wote walikuwa na umri wa kati ya miaka 15 na 49. Wanaume walihojiwa hadi miaka 54. Mama aliyetimiza miaka 50 juma moja kabla mdodosaji hajabisha hodi aliandikwa katika orodha ya watu wa nyumba hiyo, basi. Maswali ya afya ya wanawake hayakumhusu tena.

Sababu ya kuweka mpaka hapo inajulikana. Uchunguzi wa aina hii, ambao hufanywa katika nchi nyingi kwa mtindo mmoja, ulibuniwa kupima uzazi, na miaka 15 hadi 49 ndiyo huhesabiwa kuwa miaka ya kuzaa. Hilo halina ubaya wowote. Ubaya ni kwamba umri huo wa miaka 49 ndio hasa ambao hedhi za wanawake wengi hukaribia kukoma, na ndio mwanzo wa mabadiliko makubwa ya mwili ambayo hayakutengewa uchunguzi wake. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Huyu wetu haulizwi hata anaumwa wapi.

Wiki hii tutaeleza kukoma hedhi ni nini, kwa nini jambo hili linahitaji fedha za utafiti kutoka kwa serikali, na kwa nini linawagusa zaidi akina mama wa mahali kama Muhuru Bay, kule kwenye ufuo wa Ziwa Victoria.

KUKOMA HEDHI NI NINI?

Kukoma hedhi si ugonjwa. Ni hatua ya maisha kama vile kubalehe. Mwanamke huzaliwa akiwa na mayai yake yote katika ovari. Kadiri miaka inavyopita mayai hayo hupungua, na ovari hupunguza kutengeneza homoni iitwayo estrojeni. Hedhi huanza kuja ovyo: mara mbili kwa mwezi mmoja, kisha miezi mitatu kimya, kisha nyingi kupita kiasi. Ikipita miezi 12 mfululizo bila hedhi, na hakuna sababu nyingine kama mimba au dawa, ndipo tunasema hedhi imekoma. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, wanawake wengi hufikia hatua hiyo wakiwa na umri wa kati ya miaka 45 na 55.

Kwa nini homoni moja ikipungua mwili wote utikisike? Ni kwa sababu estrojeni haifanyi kazi katika mfuko wa uzazi peke yake. Husaidia ubongo kudhibiti joto la mwili, husaidia mifupa kuhifadhi madini yake, huilinda mishipa ya damu, na huiweka ngozi ya sehemu za siri ikiwa laini na yenye unyevu. Inapopungua, mama anaweza kupata joto la ghafla linaloanzia kifuani na kupanda usoni, akatokwa na jasho jingi, hasa usiku, na dakika chache baadaye akahisi baridi. Anaweza kukosa usingizi, moyo ukamwenda mbio, akawa mwepesi wa hasira au wa kusahau, akaumwa na viungo, au tendo la ndoa likawa la maumivu. Wengine hupitia kipindi hiki bila taabu yoyote. Wengine hutaabika kwa miaka.

Kuna mengine ambayo mama hayahisi. Mifupa huanza kuwa myepesi, na mafuta mabaya katika damu huongezeka. Ndiposa magonjwa ya moyo, kiharusi na kuvunjika kwa nyonga huwa mengi kwa wanawake baada ya umri huu. Anayedhani kwamba kukoma hedhi ni habari ya kuona joto tu amekiona kichwa cha kiboko na kusahau kwamba mwili mzima umo majini.

TAABU ZA MUHURU BAY

Wasomaji wengi wa mjini hulijua jina la Muhuru Bay kwa sababu ya mzozo wa kisiwa cha Migingo. Ni mji mdogo wa wavuvi katika eneo la Nyatike, Kaunti ya Migori, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Wanaume huingia ziwani usiku. Kunapopambazuka wanawake huwa ufuoni wakingoja omena ili wainunue, waianike juani, waigeuze na kuifunga kwenye magunia kwa ajili ya soko. Wengine hukausha mbuta kwa moshi. Ni kazi ya kuinama, kubeba na kukaa karibu na moto, na wengi wa waifanyao ni akina mama waliovuka miaka 40.

Fikiria basi mama wa namna hiyo anapoanza kuamka usiku akiwa amelowa jasho. Atadhani nini? Kando ya ziwa malaria haikomi mwaka mzima, kwa hiyo wazo la kwanza ni malaria. Hununua dawa dukani, akameza, na jasho likaendelea. Wazo la pili ni kifua kikuu, kwani jasho la usiku ni mojawapo ya dalili zake. Wazo la tatu ni virusi vya ukimwi. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 uitwao KENPHIA, Kaunti ya Migori ilikuwa na kiwango cha maambukizi cha takriban asilimia 13 kwa watu wazima, na jirani yake Homa Bay asilimia 19.6, cha juu kuliko kaunti zote nchini. Hofu hiyo basi si ya bure.

Mhudumu wa zahanati naye yumo katika hali hiyo hiyo. Mafunzo, vipimo na fomu alizo nazo ni za malaria, kifua kikuu, ukimwi, uja uzito na watoto wachanga, kwa sababu huko ndiko pesa zilikoelekezwa. Akipima na kukuta hakuna malaria, mara nyingi huwa hana fomu inayomwambia aulize swali hili moja: mama, hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?

Haya si mambo ya kupuuza. Anayetibiwa malaria asiyokuwa nayo hupoteza pesa na kupata nafuu ya uongo. Na kinyume chake ni hatari zaidi: mama mwenye kifua kikuu anaweza kuambiwa na shogaye kwamba ni mambo ya umri tu, akakaa nyumbani hadi mapafu yaharibike. Kutofautisha kunahitaji maarifa, na maarifa hutokana na utafiti.

WALIOISHI KUPITA MATARAJIO

Kuna jambo jingine ambalo miaka 30 iliyopita hakuna aliyelitarajia. Katika miaka ya 1990 mwanamke wa kando ya ziwa aliyeambukizwa virusi vya ukimwi hakutazamiwa kufikia umri wa kukoma hedhi. Kisha zikaja dawa za kupunguza makali ya virusi, ambazo zilienea nchini baada ya Marekani kuanzisha mpango wake wa PEPFAR mwaka 2003. Mama aliyeanza dawa mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 30 alitimiza miaka 50 mwaka 2025. Ameishi, amelea watoto, na pengine sasa analea wajukuu. Huu ni ushindi mkubwa wa tiba na wa fedha za umma.

Lakini mwili wake sasa una mizigo miwili. Virusi vyenyewe, hata vikidhibitiwa, huongeza hatari ya magonjwa ya moyo. Dawa ya tenofovir, ambayo imetumiwa na mamilioni ya watu na ni dawa nzuri, hupunguza kidogo uzito wa mifupa, na kukoma hedhi nako hupunguza mifupa hiyo hiyo. Je, mizigo hii ikikutana katika mwili wa mama ambaye kila siku hubeba magunia, matokeo yake ni nini? Swali hilo haliwezi kujibiwa vyema kwa vipimo vya wanawake wa London au Chicago ambao kazi yao, chakula chao na magonjwa waliyopitia ni tofauti.

Aidha, hatari ya kuambukizwa haikomi na hedhi. Ngozi ya uke ikiwa kavu na nyembamba huchubuka upesi, na virusi hupita kwa urahisi zaidi. Wakati huo huo wengi huacha kutumia mipira ya kondomu kwa kuwa hofu ya mimba imeisha. Ukiongeza desturi ya kurithi wajane, ambayo ingaliko katika baadhi ya familia za eneo hili, utaona kwamba mjane wa miaka 55 anahitaji elimu ya kujikinga sawa na msichana wa miaka 20. Lakini mabango na semina nyingi humlenga huyo msichana.

PESA HUFUATA NINI?

Tusiseme kwamba serikali haijali wanawake. Mwaka 2004 Kenya iliondoa kodi ya mauzo ya sodo. Mwaka 2013 ada za kujifungua katika hospitali za umma zilifutwa, na baadaye ukaja mpango wa Linda Mama. Mwaka 2017 sheria ya elimu ilirekebishwa ili wasichana wa shule wapewe sodo bure. Huko huko Muhuru Bay kuna shule ya upili ya wasichana ya WISER, iliyofunguliwa mwaka 2010 kwa msaada wa watu wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani na wenyeji, na imewafaa sana wasichana wa eneo hilo.

Kisha mwanamke anapofikisha miaka 70 anaweza kuingia katika mpango wa Inua Jamii na kupokea fedha za wazee. Lakini kati ya mipango ya uzazi na Inua Jamii kuna pengo la zaidi ya miaka 20. Katika miaka hiyo mama huyo ndiye mlipa karo, mlezi wa wagonjwa, mweka hazina wa chama na mfanyabiashara wa samaki. Nchi inamtegemea, ila haina mpango wa afya uliobeba jina lake.

Upande wa utafiti hali ni hiyo hiyo. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kusema kwamba Hazina Kuu itaipatia asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Kiwango hicho hakijafikiwa kamwe. Hesabu ya mwaka 2010, ambayo bado hunukuliwa mara nyingi, ilionyesha kwamba matumizi yote ya utafiti nchini, ya serikali na ya wengine, yalikuwa takriban asilimia 0.8 ya pato la taifa. Mwaka 2001 huko Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ahadi hiyo nayo haijatimizwa hapa kwetu.

Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya utafiti wa afya nchini, hata ule unaofanywa na Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, yaani KEMRI, iliyoanzishwa mwaka 1979, hulipiwa na wageni. Mwenye kulipa ndiye huchagua swali. Wafadhili wamechagua ukimwi, malaria, kifua kikuu, uzazi na watoto, na wamefanya kazi ya kusifiwa. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada mingi ya nje. Hata mpango wa kimataifa uliokuwa ukisaidia nchi kama Kenya kufanya ule uchunguzi wa idadi ya watu na afya ulikatizwa, na tarehe 1 Julai 2025 shirika la USAID likafungwa rasmi. Kumbe hata ile hesabu iliyokuwa ikiishia miaka 49 ilisimama juu ya mkono wa mwingine.

WENZETU WALIFANYAJE?

Huenda ukauliza: je, fedha za serikali zikiwekwa katika jambo hili, zitaleta faida gani? Jibu liko Marekani kwenyewe.

Mwaka 1991 serikali ya nchi hiyo ilianzisha uchunguzi mkubwa uitwao Women's Health Initiative. Wanawake 161,808 wa umri wa miaka 50 hadi 79 waliandikishwa. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, madaktari walikuwa wakiwapa wanawake vidonge vya homoni wakiamini kwamba vinalinda moyo. Hakuna aliyekuwa amepima jambo hilo kwa hakika. Mwaka 2002 sehemu moja ya uchunguzi ilisimamishwa kabla ya wakati. Katika kila wanawake 10,000 waliomeza homoni mbili kwa pamoja, kwa mwaka mmoja walipatikana wagonjwa 8 zaidi wa saratani ya matiti kuliko kwa wasiomeza, na moyo haukulindwa kama ilivyodhaniwa.

Wanawake wengi waliacha vidonge kwa woga. Hata hivyo, watafiti waliendelea kuwafuatilia wanawake wale wale, wakagundua kwamba umri una maana kubwa. Wengi wa walioandikishwa walikuwa wamevuka miaka 60. Kwa mwanamke mwenye afya ambaye hajatimiza miaka 60, au ambaye hedhi yake imekoma kwa muda usiozidi miaka 10, na anataabika na joto na jasho, faida ya tiba hiyo kwa kawaida hushinda madhara. Mnamo Novemba 2025 idara ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba lile onyo kali lililokuwa kwenye pakiti za dawa hizo litaondolewa. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kutoka swali hadi jibu, na ni fedha za umma zilizowezesha kungoja muda wote huo.

Uchunguzi mwingine, uitwao SWAN, umewafuatilia wanawake wa Marekani wa asili mbalimbali tangu miaka ya 1990. Mwaka 2015 ulitoa jambo lililowashangaza madaktari waliozoea kuwaambia wagonjwa kwamba joto litapita baada ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wanawake waliopata joto na jasho mara kwa mara, muda wa kati ulikuwa miaka 7.4. Kwa Wamarekani weusi ulikuwa miaka 10.1. Kwa wenye asili ya Japani ulikuwa miaka 4.8. Hapa ndipo penye somo kwetu. Ikiwa wanawake wa nchi moja wametofautiana kiasi hicho, ni nani atakayeapa kwamba anajua muda wa mama wa Kijaluo wa Muhuru, wa mama wa Kikuria wa Kehancha, au wa mama wa Kiswahili wa Lamu, bila kwenda kuwauliza?

Hata huko kazi haijaisha. Mnamo Machi 2024 Rais Biden alitia saini agizo la kukuza utafiti wa afya ya wanawake. Mwezi Mei maseneta wa vyama vyote viwili waliwasilisha mswada wa kutenga dola milioni 275 kwa miaka mitano kwa ajili ya kukoma hedhi na afya ya wanawake wa umri wa kati. Bunge hilo lilimaliza muda wake Januari 2025 bila kuupitisha. Na mwezi Aprili 2025 serikali mpya ilitangaza kupunguza fedha za ule uchunguzi wa mwaka 1991, ikabadilisha nia siku chache baadaye kufuatia kelele za wanasayansi na wananchi. Fedha za utafiti hulindwa na watu wanaojua thamani yake.

HATA HAPA INAWEZEKANA

Usikubali kuambiwa kwamba utafiti wa namna hii hauwezekani vijijini. Umekwisha kufanyika, tena papo hapo Migori.

Katika jamii 12 za kaunti hiyo, watafiti wa KEMRI pamoja na wenzao wa Marekani walijaribu njia ya kuwawezesha wanawake wenyewe kujichukulia vipimo vya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Walioalikwa walikuwa wa miaka 25 hadi 65, si 49. Pale ambapo kambi za afya zilipelekwa karibu na wananchi, asilimia 60 ya waliolengwa walipimwa. Pale walipotakiwa kwenda zahanati, walikuwa asilimia 37. Hiyo ndiyo saratani inayowaua wanawake wengi zaidi nchini Kenya, zaidi ya 3,000 katika mwaka 2020 kwa makadirio ya kimataifa. Hata hivyo, kipaumbele cha upimaji cha kitaifa kimekuwa wanawake wa miaka 25 hadi 49.

Kuanzia mwaka 2013 uchunguzi mwingine, SEARCH, ulizifikia jamii 32 za vijijini Kenya na Uganda. Watu walipimwa virusi vya ukimwi, presha na kisukari siku moja, chini ya hema moja. Huko Kilifi, Chuo Kikuu cha Aga Khan na kile cha Michigan wameanza uchunguzi wa kuwafuatilia watu kuanzia miaka 45 wanavyozeeka, kwa fedha za serikali ya Marekani. Na nchini Uganda baadhi ya watu walishiriki katika uchunguzi wa kimataifa ulioonyesha mwaka 2023 kwamba dawa ya kupunguza mafuta katika damu ilipunguza matatizo makubwa ya moyo kwa asilimia 35 kwa wanaoishi na virusi vya ukimwi wa miaka 40 hadi 75.

Tunayoyaomba serikalini basi si makubwa. La kwanza, uchunguzi ujao wa kitaifa uwahoji wanawake kupita miaka 49, na uwe na ukurasa mmoja wa maswali ya kukoma hedhi. La pili, Hazina ya Kitaifa ya Utafiti itenge fungu la afya ya wanawake wa umri wa kati, ili KEMRI na vyuo vyetu vichague maswali yao wenyewe. La tatu, swali la hedhi ya mwisho liandikwe katika faili za kliniki za ukimwi, ambako maelfu ya akina mama wamekuwa wakipimwa uzito, presha na damu kwa miaka mingi. Elimu kubwa imelala katika makabati hayo.

La nne ni rahisi kuliko yote. Tangu Septemba 2023 nchi ina wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliopewa mikoba yenye mashine ya presha na ya kupima sukari, na ambao hulipwa kwa ushirikiano wa serikali kuu na kaunti. Huingia katika kila boma kumwuliza mama mja mzito na mtoto mchanga wanaendeleaje. Wakifundishwa kumwuliza pia mama wa miaka 50, gharama yake itakuwa ndogo mno. Afya ni jukumu la kaunti tangu mwaka 2013, na Kaunti ya Migori haina haja ya kungoja Nairobi ili ianze.

WEWE UFANYE NINI?

Wewe unayeusoma ukurasa huu ukiwa mjini, pengine ni mama mwenyewe, au una mama, shangazi au dada mkubwa nyumbani ambaye hajawahi kuyasikia haya. Mwambie mambo yafuatayo.

Joto la ghafla la kukoma hedhi huja na kuondoka kwa dakika chache, na kipimajoto hakionyeshi homa. Jasho likiandamana na homa, apimwe malaria kwanza kabla ya kumeza dawa. Likiandamana na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili au kupungua uzito, apimwe kifua kikuu bila kuchelewa.

Damu ikitoka tena baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata kama ni tone, hiyo si hedhi iliyorudi. Aende hospitalini siku hizo hizo, kwani yaweza kuwa dalili ya saratani. Hali kadhalika, mpaka ipite miezi 12 kamili bila hedhi, mimba ingali yawezekana.

Omena huliwa pamoja na mifupa yake, na ni chanzo kizuri cha madini ya chokaa kwa mifupa yake mwenyewe. Awe anaibakiza nyingine nyumbani, asiiuze yote. Atembee, apunguze chumvi, asitumie tumbaku, na presha yake ipimwe angalau mara moja kwa mwaka.

Anayetumia dawa za ukimwi zenye dolutegravir asimeze vidonge vya chokaa au vya madini ya chuma pamoja nazo akiwa na njaa, kwani hupunguza nguvu ya dawa. Amweleze mhudumu wa kliniki ili apangiwe saa. Na asiache dawa zake kwa kudhani kwamba ndizo zinazoleta joto.

Maumivu katika tendo la ndoa yana tiba. Kuna mafuta maalumu ya kulainisha yaliyotengenezwa kwa maji, na kuna krimu za homoni ambazo daktari anaweza kuandika. Mafuta ya kujipaka mwilini yasitumiwe pamoja na kondomu, kwani huuharibu mpira. Ama vidonge vya homoni visinunuliwe dukani kwa ushauri wa jirani. Ni lazima daktari aulize kwanza habari za saratani ya matiti, kuganda kwa damu, kiharusi na ugonjwa wa ini.

Mwisho, msomaji, usimcheke mama anayejipepea kanisani au kwenye matatu, wala usimwambie kwamba ni uzee tu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwanamke aliyefikisha miaka 60 mwaka 2019 angeweza kutarajia, kwa wastani wa dunia, kuishi miaka 21 zaidi. Hayo ni maisha kamili ya mtu mzima, na mjumbe wa bunge la kaunti atakayekuja kukuomba kura aulizwe ametenga nini kwa ajili yake.